Majina Kumi na Tano

Mara ya kwanza kuonana naye tuligombana kwa sababu ya pini moja ya stepla. Alileta kurasa arobaini na mbili zilizoandikwa kwa mkono, akataka nakala moja tu. Nilipomaliza kutoa nakala nikamwambia kubana kuna malipo yake.

"Kubana?" Akanitazama juu ya miwani. "Pini yenyewe si kipande cha waya tu?"

"Mwalimu, hata uzio wa chuo ni waya. Mbona hawaugawi bure?"

Akafungua mkoba, akatoa sindano na uzi mweusi, akaanza kuzishona karatasi zake palepale kwenye kaunta yangu, huku wateja watano wakisubiri nyuma yake. Alishona taratibu, kwa makusudi, kama mtu anayetia nakshi shuka la harusi. Mteja wa tatu alipoanza kuguna nikasema, "Haya, lete nikubanie bure." Akakata uzi kwa meno. "Nimeshamaliza," akasema, akaondoka. Nikajua huyu ni mtu wa kufanya naye biashara kwa uangalifu.

Duka langu liko mkabala na geti la chuo kikuu. Lina mashine mbili za kudurufu, kompyuta moja, na ukuta mzima wa makasha. Upande wa kushoto zinakaa nakala mama za vitini. Kila mhadhiri ana faili lake, mwanafunzi anataja jina la kozi, mimi namtolea nakala. Upande wa kulia inakaa mitihani iliyopita, miaka kumi nyuma, idara kwa idara. Wanafunzi wananiita Bwana Stepla, na wao wanajua kwa nini. Kazi ya kupiga chapa anaifanya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mama wa makamo mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Yule mwalimu wanafunzi walimwita Madamu Kilatini. Alikuwa amevuka hamsini. Miaka kumi na saba alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini, akitafsiri ankara za vigae kutoka Italia, maelekezo ya mashine za sukari kutoka Brazili, vyeti vya matairi kutoka Romania. Kampuni ikanunua kompyuta ya kutafsiri, yeye ikamshukuru. Akaingia chuo akiwa na wenzake wa umri wa kuwazaa, akamaliza, idara ya lugha ikamchukua kama mwalimu wa muda, yaani analipwa kwa kipindi alichofundisha, na likizo ni njaa.

Wiki moja baada ya ile sindano alirudi na bahasha yenye muhuri wa idara.

"Nimekubaliwa kozi," akasema. "Fasihi ya Lugha za Kirumi katika Tafsiri."

"Ndiyo lugha gani hizo?"

"Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano, Kiromania. Mama yao ni Kilatini. Mama alishakufa, watoto wakatawanyika, kila mmoja akajenga kwake. Ukiwasikiliza vizuri unajua ni wa tumbo moja."

"Na urithi wamegawana?"

"Urithi wenyewe ndio nataka kuwasomesha watu." Akaweka mkono juu ya bahasha. "Nimetafsiri hadithi kumi na moja kwa Kiswahili. Nataka kitini."

Kisha akafanya jambo ambalo mtu anayekuja kupatana hapaswi kulifanya: akanieleza shida yake yote. Kozi ilikuwa ya hiari, na ya majaribio. Ikipata wanafunzi kumi na tano waliojiandikisha hadi Ijumaa ya wiki ya tatu, saa sita mchana, inaendelea, naye anapewa mkataba wa miaka miwili. Isipofikisha kumi na tano inafutwa kwenye ratiba, na yeye hana tena cha kufundisha.

Nikavuta kiti. Alitaka kazi ya kupiga chapa kwa bei ya chini, na alitaka kitini kiuzwe kwa aliyejiandikisha tu: mwanafunzi aje na fomu yenye muhuri wa usajili, ndipo apewe. Mimi nilitaka nakala mama ikae kwangu, niwe muuzaji peke yangu, na nimuuzie yeyote anayekuja.

"Kitini ni cha darasa," akasema.

"Mwalimu, mimi si mlinzi wa geti. Nikianza kukagua fomu, foleni itafika barabarani. Na mtu akikisoma akakipenda, si ndiye atakayekuja darasani?"

"Fomu kwanza, kitini baadaye."

"Basi tufanye hivi. Hilo la fomu liondoe, na mimi nakupigia chapa yote bure. Kurasa zote."

Shemeji alikuwa ameacha kuandika, anatusikiliza. Madamu alitazama dirishani kwa muda, nikajua anapiga hesabu ya kitu asichokuwa nacho. "Haya," akasema. "Liondoe." Tukapeana mikono, na mimi nikaona nimepata sana.

Nilichokuwa sijakipigia hesabu ni shemeji. Kwa kawaida anapiga chapa barua za maombi na taarifa za vikao akiwa anazungumza na simu. Siku ya pili ya hadithi zile nikamkuta simu ameiweka kwenye droo.

"Shemeji," akaniita, "huyu fundi atakamatwa?"

"Fundi gani?"

"Fundi wa Kiitaliano. Saa ya mnara wa mji ni kazi yake. Mke wake huwa anachelewa kiwandani, na akichelewa tena anafukuzwa. Sasa mume kairudisha saa ya mji mzima nyuma dakika saba, mke asichelewe. Watu wote wanaishi kwenye uongo wa dakika saba. Halafu ametokea mtu aliyekosa treni."

"Piga chapa."

"Nipige nini? Daftari limeishia hapo! Nenda kwa mwalimu ukalete jingine, mimi hapa siondoki."

Nikaenda kweli, maana kazi ilikuwa imesimama. Madamu aliishi nyumbani kwa kaka yake, fundi umeme mstaafu, kwenye chumba cha uani kilichokuwa stoo. Kitanda, ndoo ya maji, na miguu ya chuma ya cherehani cha zamani iliyowekewa ubao juu. Hiyo ndiyo meza. Kamusi zilipangwa sakafuni, magamba yake yamekatika, yameshonewa vitambaa vya mifuko ya unga. Nikakumbuka ile sindano.

Kaka yake alisimama mlangoni, koleo mkononi. "Wewe ndiye unayempa kichwa dada yangu?"

"Mimi nauza karatasi tu, mzee."

"Basi niuzie na jibu. Mwanangu anaoa mwezi wa nane. Bibi harusi atalala wapi? Humu ndani, na Wareno?"

"Kaka, Wareno wako kwenye daftari," Madamu akasema bila kugeuka. "Hawahitaji kitanda."

"Na wewe je?"

Madamu alinipa madaftari mawili, akanisindikiza hadi kwenye kona ya ukuta. "Mkataba ukitoka nahama," akasema. "Usipotoka nahama vilevile. Tofauti ni kama nitakuwa na pa kwenda." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya.

Muhula ukafunguliwa. Nilitoa nakala thelathini za kwanza, gamba la kijani, jina la kozi juu na jina lake chini. Ziliisha kwa siku mbili. Nikatoa hamsini nyingine. Sijawahi kuona kitini kinanunuliwa hivyo na watu ambao hakuna anayewalazimisha. Mlinzi wa maktaba alinunua. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi alinunua, wakarudi wanane. Msusi wa jirani yangu alinunua akawa anawasomea wateja wake, wakiwa na vichwa nusu vimesukwa, hawataki kuondoka. Shemeji alikuwa anakiuza kuliko mimi. Mtu anakuja kudurufu cheti cha kuzaliwa, anaulizwa, "Na habari za yule fundi saa umezisikia?"

Madamu alipita kila asubuhi kabla ya kipindi.

"Ngapi?"

"Arobaini na moja."

Kesho yake, "Ngapi?"

"Hamsini na nane."

Uso wake ulikuwa unafunguka kidogo kidogo. Kipindi cha kwanza watu walijaa mpaka wakakaa madirishani. Akaenda kuomba ukumbi mkubwa zaidi, akapewa namba saba.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, aliingia dukani ameshika karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa usajili. Alikuwa ameibandua, pembe zake zimechanika.

"Bwana Stepla, umeuza ngapi mpaka sasa?"

"Sabini na mbili."

"Hapa wako sita."

Nikadhani karani amekosea, na nikamwambia hivyo. Tukaenda wote wawili. Karani wa usajili alikuwa mtu mwenye rula ndefu na daftari kubwa; alitusikiliza, akafungua ukurasa, akaiweka rula chini ya kila jina, moja, mbili, hadi sita.

"Madamu, mimi namwandika anayekuja. Simkimbizi mtu."

"Darasani wanakaa madirishani!"

"Madirishani sina daftari."

Tulirudi dukani. Wakati huo alikuwepo binti mmoja wa Uhasibu, mwaka wa pili, anayekaa mstari wa mbele kila kipindi cha Madamu. Tukamuuliza kwa nini hajajiandikisha. Alishangaa kuulizwa.

"Mwalimu, kitini nimekisoma chote. Mara mbili. Sasa nikijiandikisha nifanye nini?"

"Usome na wenzako, tujadili, uandike."

"Halafu mtihani?"

"Na mtihani, ndiyo."

"Mwalimu," binti akasema kwa heshima kabisa, "kitu nimeshakipenda, nikifanyie mtihani ili iweje?"

Mwingine aliyekuwa kwenye foleni akadakia, akiniuliza mimi, "Kwani ina mitihani iliyopita?"

"Ni kozi mpya. Itoke wapi?"

"Ndiyo hivyo basi," akasema.

Ikabidi nimweleze Madamu jambo ambalo kwa biashara yangu nalijua na idara hailijui. Wanafunzi hawachagui kozi kwenye matangazo ya chuo. Wanachagua mbele ya ukuta wangu wa kulia. Wanavuta kasha, wanatazama maswali ya miaka mitano, wakiona yanajirudia wanakwenda kujiandikisha. Kozi isiyo na kasha wanaiogopa, hata kama mwalimu anawachekesha. Na utamu wote wa hii ya kwake walishaupata kupitia kwangu, bila kuonja uchungu wa mtihani. Alikuwa amehesabu vichwa. Chuo kinahesabu majina.

Alisimama ameshika ukingo wa kaunta. "Basi acha kuuza," akasema. "Kuanzia leo, anayetaka aje na fomu. Kama nilivyosema mwanzo."

Hapo nilikuwa na nafasi, na nitaisema kama ilivyokuwa. Nakala ishirini na tano zilikuwa zimetoka mashineni asubuhi ile, zina joto bado. Nikamjibu, "Mwalimu, tulishapatana. Na zilizotoka zimetoka, kuzuia sasa kutasaidia nini?" Ni maneno ya kweli nusu. Ningezuia siku ile, wapo ambao wangekwenda usajili. Hakunibembeleza. Shemeji alinitazama, akarudi kwenye kompyuta yake akaanza kugonga vitufe kwa nguvu kuliko kazi ilivyohitaji.

Badala yake nikampa ushauri ambao haukunigharimu kitu. "Niandikie maswali ya mazoezi. Nitayatia kwenye kasha, nitaandika jina la kozi juu. Wakiona kasha, watatulia."

Kesho yake akaleta maswali kumi. Nikasoma la kwanza: Fundi saa aliwaibia watu wa mji dakika saba kila siku. Wewe ndiye uliyekosa treni. Mwandikie barua. La pili: Msomee mtu wa nyumbani kwako hadithi ya Kireno ya dada wawili, uishie kabla ya ukurasa wa mwisho. Andika mwisho alioutaka yeye, kisha eleza kwa nini mwandishi hakuutaka.

"Mwalimu, haya hayana majibu."

"Yana majibu mengi."

"Ndiyo kusema hayana. Weka yenye jibu. Andika, taja sababu tano."

"Sababu tano za nini?"

"Za chochote! Watu wanapenda tano."

Shemeji akacheka mpaka akashika meza. Madamu hakucheka. "Nikiwauliza sababu tano wataniletea sababu tano," akasema, "zilezile tano, miaka kumi, kutoka kwenye kasha lako. Hayo niliyoandika ndiyo nitakayowauliza. Weka."

Nikaweka. Siku ile waliojiandikisha walikuwa wamefika kumi na mmoja, maana alikuwa anamfuata mmoja mmoja kwenye korido. Maswali yalipokaa kwenye kasha siku mbili, wawili walikwenda kufuta majina. Wakabaki tisa. Alipita asubuhi hakuuliza ngapi.

Wiki ya tatu alikonda. Alizunguka bwenini, maktaba, hata kwenye mstari wa kuchotea maji, akizungumza na watu. Alhamisi mchana alikuwa na kumi na wawili. Hapo ndipo na mimi nikaamua kufanya ninachokijua. Dukani kwangu walikuwepo vijana watatu wa mwaka wa mwisho wanaosubiri kujalidi tasnifu zao. Nikawavuta pembeni.

"Nawajalidia kwa gamba gumu, maandishi ya dhahabu, bure. Nendeni usajili sasa hivi mkaandike majina kwenye kozi moja."

"Kozi gani?"

"Fasihi."

"Ya nani?"

"Ya Warumi huko. Wiki ya tano kuna dirisha la kufuta, mtafuta."

Walikwenda wakikimbia. Saa kumi jioni daftari la karani lilikuwa na majina kumi na tano. Shemeji nikamwambia mwenyewe, nikitegemea sifa.

"Mwalimu anajua?"

"Ataona kumi na tano, atajua yamefika."

"Sijauliza hivyo," akasema.

Ijumaa saa nne kasoro Madamu aliingia na orodha. Alikuwa ameisoma njiani.

"Hawa watatu wa chini siwajui."

"Majina ni majina, Mwalimu."

"Watakuja darasani?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini yeye alinieleza shida yake wazi tangu siku ya kwanza, nikaona aibu kumdanganya siku ya mwisho. "Watafuta wiki ya tano," nikasema.

Akakaa juu ya rimu za karatasi zilizopangwa kando ya mlango. Na kama kwa mpango, wale watatu wakaingia kuchukua magamba yao. Nilitamani wangechelewa kama yule mke wa fundi.

"Nyinyi ndio wanafunzi wangu?" akawauliza.

Wakanitazama mimi. "Ndiyo, Madamu."

"Kozi inahusu nini?"

"Warumi," mmoja akasema.

Akacheka. Wiki nzima sikuwa nimemwona akicheka. Kisha, bado amekaa kwenye zile rimu, akaanza kuwasimulia: mnara, saa, mke anayekimbia na kiatu kimoja mkononi, fundi anayepanda ngazi alfajiri na bisibisi. Foleni ikamsogelea. Hata mashine nikaizima, maana ina kelele. Alipofika kwa mtu aliyekosa treni akakatisha.

"Halafu?" mmoja wa wale watatu akauliza.

"Halafu Jumatatu, saa nne, ukumbi namba saba."

"Mimi nitakuja," akasema. Wenzake wakainamisha vichwa. Mmoja wao alikuwa mkweli: "Madamu, hadithi ni nzuri. Lakini sisi tunamaliza mwaka huu. Tukibeba kozi isiyo na mitihani iliyopita, tukianguka, hatuhitimu. Tulisaini kwa ajili ya gamba."

"Nimekuelewa, mwanangu. Basi nendeni mkafute leo, msingoje wiki ya tano."

"Mwalimu!" Nilipaza sauti. "Saa nne na nusu sasa hivi. Una kumi na tano mkononi!"

"Nina kumi na tatu."

"Mkuu wa idara hawajui kwa sura."

"Wiki ya tano wakifuta, ataniuliza niliwatoa wapi. Nitamwambia niliwapata kwenye gundi yako? Watanifutia na cheti." Akasimama, akapangusa sketi. "Nimekaa bandarini miaka kumi na saba. Najua mzigo uliopo kwenye karatasi tu ukifunguliwa unakuwaje."

Wale wawili wakaenda. Magamba waliniachia juu ya kaunta, sikuwaita.

Shemeji akainuka kwenye kiti. Akasimama katikati ya foleni, akasema kwa sauti ya sokoni, "Aliyesoma kitini cha kijani anyooshe mkono!" Ikanyooka mikono tisa. "Aliyejiandikisha aushushe!" Ikashuka mitatu. "Nyinyi sita mnafuata nini? Mmekula, vyombo hamtaki kuosha?" Watu wakacheka, wakatazama chini, wakatazama simu zao. Wanne walisema idadi ya kozi zao imeshajaa. Mmoja alikuwa mlinzi wa maktaba, si mwanafunzi. Wa sita alikuwa yule binti wa Uhasibu. Alisimama kidogo, akasema, "Haya, Mwalimu, nitakufanyia na mtihani," wakaondoka pamoja na shemeji kuelekea usajili, wakitembea haraka.

Karani akaandika jina la binti. Kumi na nne. Saa sita kasoro dakika kumi. Shemeji akamwambia karani aandike na la kwake.

"Namba ya usajili?"

"Sina. Nina cheti cha sekondari, na hicho kitini nimekipiga chapa mimi herufi kwa herufi. Namjua yule fundi kuliko mama yake."

"Mama, sikatai. Lakini hapa pana nafasi ya namba."

Shemeji, binti na karani walisimama pale wakitazama mlango. Wanafunzi walipita kwenda kula. Saa sita ilipogonga karani akaweka rula chini ya jina la kumi na nne, akapiga mstari mwekundu. Mkuu wa idara, Madamu alipomwendea, alisema kumi na nne si mbaya kwa mara ya kwanza, na akasaini kuifuta.

Jumatatu nilikwenda ukumbi namba saba, kwa kisingizio cha kupeleka karatasi idarani. Watu walikuwa zaidi ya arobaini, na magamba ya kijani mikononi. Madamu alikuwa mbele, mkoba begani.

"Kozi haipo," akawaambia. "Imefutwa Ijumaa."

"Mbona sisi tupo?" Mlinzi wa maktaba aliuliza, na sare zake.

"Nyinyi mpo, baba. Majina yenu hayapo."

"Sasa si utusomee tu hivyohivyo?"

Alifungua mdomo kama anayetaka kukubali. Lakini mlangoni walikuwa wameshafika wanafunzi wa Takwimu na mwalimu wao. Ukumbi walishapewa wao. Watu wa Madamu walitoka kwa mlango mmoja huku wa Takwimu wakiingia kwa mlango uleule, wakigongana mabega. Binti wa Uhasibu alikuwa analia kwa hasira. "Nimejiandikisha kitu hakipo," alikuwa anasema, "si ningejiandikisha wiki ya kwanza?"

Mkataba haukutoka. Kabla ya mwezi wa nane Madamu alihama kwa kaka yake, akaenda kukaa na mama mmoja aliyefanya naye kazi bandarini, wakigawana chumba na kodi ya pango. Alikuwa akitafsiri maelekezo ya pampu na jenereta. Wahadhiri wawili waliosikia habari walikuja kuchukua nakala mama zao kwenye ukuta wangu wa kushoto. Wa tatu aliiacha ya kwake, lakini na karatasi ya masharti aliyonisainisha. La kwanza kwenye ile karatasi lilikuwa fomu yenye muhuri.

Muhula ulipokwisha Madamu alikuja tena dukani. Kilikuwepo chuo cha ualimu upande wa pili wa mji ambacho kilikubali kuijaribu kozi yake. Walitaka majina kumi. Hakuna mkataba, ni malipo ya kipindi. Lakini safari hii yeye mwenyewe alikuwa na sharti: kitini kisiuzwe popote nje ya darasa. Alikuja kuchukua nakala mama, na alitaka faili lifutwe kwenye kompyuta.

"Mwalimu, nilikupigia chapa bure," nikasema. Nilikuwa najaribu tu. Mkono wa biashara haulali.

"Na umeuza ngapi?"

"Mia moja thelathini na nane."

Akaningoja. Nilishinda mapatano siku ile ya kwanza. Kama ningeshindwa, angepata kumi na tano na wa ziada, nami ningekuwa nauza kile kitini kila mwaka mpaka leo.

"Ngoja kwanza tuzungumze," nikaanza.

"Limeshafutika," shemeji akasema kutoka kwenye kompyuta.

"Shemeji, mimi sijakubali!"

"Niliyeliandika ni mimi, na nimekubali." Akamgeukia Madamu. "Mwalimu, huko upande wa pili wanapokea mtu mwenye cheti cha sekondari tu?"

"Wanapokea."

"Vipindi siku gani?"

"Jumanne na Alhamisi, asubuhi."

Shemeji hakuniomba ruhusa. Alinitajia tu siku, na tangu hapo Jumanne na Alhamisi asubuhi napiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili.

Madamu akatia nakala mama kwenye mkoba. Akaona kwenye rafu nakala tisa za kijani ambazo hazijauzwa, akaniuliza bei. Nikamtajia bei ya dukani. Akazinunua zote tisa. Sikumpunguzia, naye hakuomba.